Achague raketi au vitabu? Jibu kwa mama wa Ngamiani

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Binti yangu wa pili yuko kidato cha tatu na anacheza tenisi tangu darasa la tano, kwenye klabu moja kule Raskazone. Juzi alinionyesha kwenye simu habari za msichana anayesoma chuo kimoja Marekani. Imeandikwa kwamba anacheza namba tatu kwenye timu ya chuo, msimu uliopita alishinda mechi 21 akapoteza 9, amechaguliwa timu ya pili ya ligi yao, ametunukiwa na chama cha tenisi ya vyuo kama mwanamichezo msomi, ameingia orodha ya heshima ya mkuu wa kitivo mara tano, na GPA yake ni 3.82. Binti anasema na yeye anataka kupita njia hiyo. Baba yake anasema hizo ni sifa za karatasi: namba tatu si namba moja, timu ya pili si ya kwanza, na GPA ya 3.82 hapa kwetu haifiki hata daraja la kwanza. Anataka mtoto achague kabla hajaingia kidato cha nne, raketi au vitabu. Mwalimu, huyo msichana ni hodari kweli? Na sisi tufanyeje?

JIBU

Marahaba mama, na salamu zimfikie baba watoto. Nimependa kwamba baba ameisoma habari ile mstari kwa mstari badala ya kuipuuza. Wasiwasi wake ni wa mzazi anayejua kwamba cheti cha kidato cha nne kinamfuata mtu maisha yake yote. Lakini sifa zile amezipima kwa vipimo vya hapa nyumbani, na huko vipimo ni vingine. Zikipimwa sawasawa, nadhani na uamuzi wenu utakuwa mwingine.

Tuanze na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Vyuo vikuu vyetu vinahesabu hadi 5. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, na mwenye 3.82 anaangukia daraja la pili la juu. Kwa mwanafunzi wa Mzumbe au wa Dar es Salaam, baba angekuwa sahihi kabisa. Vyuo vya Marekani, karibu vyote, vinahesabu hadi 4: A ni 4, B ni 3, C ni 2. Sasa mpe binti kalamu afanye hesabu hii mbele yenu. Masomo 11 yenye uzito sawa, amepata A tisa na B mbili. Tisa mara nne ni 36, mbili mara tatu ni 6, jumla 42. Gawanya kwa 11, inakuja 3.82. Huyo, kwa makadirio, ndiye msichana mnayemzungumzia: katika kila masomo 11, tisa ana A, na yaliyobaki ana B. Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo angeitwa jukwaani siku ya mahafali.

Kuna jambo moja ambalo habari ile haikulitaja, na mimi ningelitafuta kabla ya kitu kingine chochote: anasoma nini. Kemia, biolojia na uhandisi vina vipindi vya maabara, na maabara nyingi hufanyika mchana, saa zilezile ambazo timu iko uwanjani. Mchezaji anayesoma sayansi hulazimika kupanga ratiba yake kwa akili nyingi tangu siku ya kujiandikisha masomo. Wapo makocha wanaomshauri mchezaji mgeni, kwa maneno laini, achukue fani isiyogongana na mazoezi. Binti yako akifika siku moja hatua ya kuzungumza na kocha wa chuo, aulize hili mapema: una mchezaji anayesoma sayansi au uhandisi, na siku za maabara anafanya mazoezi saa ngapi? Kocha anayejali atajibu papo hapo, kwa kuwa atakuwa ameshalitatua kwa mwingine. Anayezungukazunguka, mwacheni.

Sasa hiyo orodha ya heshima. Kila chuo kina kiwango chake, mara nyingi ni GPA ya 3.5 au zaidi katika muhula mmoja, kwa mwanafunzi aliyebeba masomo kamili. Uzito wake uko kwenye hilo neno muhula. Mwaka wao una mihula miwili mikubwa, wa Agosti hadi Desemba na wa Januari hadi Mei. Msimu wenyewe wa tenisi ya timu ni huo wa Januari hadi Mei. Miaka minne ya chuo ina mihula minne tu ya Agosti, kwa hiyo aliyeingia kwenye orodha mara tano lazima angalau mara moja ameingia katikati ya msimu, akiwa njiani kila wiki. Kama bado yuko mwaka wa tatu, basi ni zaidi ya mara moja. Tuzo ya mwanamichezo msomi inatolewa na ITA, chama cha tenisi ya vyuo, na sharti lake ni GPA ya 3.5 kwa mwaka mzima wa masomo pamoja na kuwa mchezaji anayetambuliwa rasmi na timu ya chuo. Timu nzima nayo ina tuzo yake, wastani wa 3.2. Kwa hiyo baba asidhani ni cheti cha kuhudhuria.

Tuje uwanjani. Tenisi ya chuo si ile tunayoiona Wimbledon kwenye televisheni, mtu na mpinzani wake basi. Vyuo viwili vinakutana kama timu. Kwenye Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, wanaanza wawili wawili, mechi tatu kwa wakati mmoja kwenye viwanja vitatu, kila mechi seti moja tu. Timu inayoshinda mechi mbili kati ya hizo tatu inachukua pointi moja. Kisha wanaingia mmoja mmoja, mechi sita, na kila mechi ina pointi yake. Jumla ni pointi saba, na timu ya kwanza kufikisha nne imeshinda siku hiyo. Wakifika 40 kwa 40 hakuna kutafuta faida kwanza: inachezwa pointi moja, gemu imekwisha. Mtu asiyekuwa na moyo mgumu hawezi kushinda mara 21 kwa utaratibu huo.

Wale sita hupangwa kwa uwezo, namba moja mpaka namba sita, na kocha haruhusiwi kumshusha mkali wake chini ili avune pointi za bure. Namba tatu, basi, ni mchezaji wa tatu kwa ubora katika chuo kizima, na kila mechi anakutana na namba tatu wa wenzao. Na wenzao ni akina nani? Vikosi hivi vimejaa wasichana kutoka Uhispania, Brazil, Japani, Afrika Kusini na kwingineko, wengi wao wakiwa wamezoea mashindano ya kimataifa ya vijana tangu utotoni. Kushinda 21 kati ya mechi 30 ni asilimia 70. Mimi ningemtanguliza mtu huyo mbele ya mwenzake wa timu hiyohiyo aliyeshinda 24 na kupoteza mbili akiwa namba sita. Rekodi bila namba ya nafasi haikuambii kitu, na ndiyo maana nafurahi kwamba walioandika habari ile waliitaja nafasi kwanza.

Mtakuta pia mechi za mchezaji hazilingani na mechi za timu, mkadhani kuna mchezo wa kuficha. Hakuna. Pointi ya nne ikishapatikana, mara nyingi mechi zilizobaki zinasimamishwa palepale, hata kama ulikuwa unaongoza seti na gemu, na matokeo hayo hayaingii kwenye rekodi yako. Msichana anaweza kupambana saa mbili kwenye jua, akatoka bila ushindi wala kushindwa.

Kuhusu timu ya pili ya ligi, linganisheni hivi. Ligi ya SEC ya kusini mwa Marekani ina vyuo 16. Zidisha kwa wachezaji sita wa kila chuo, unapata wasichana 96. Timu ya kwanza na ya pili kwa pamoja huchukua sehemu ndogo tu ya hao, kwa kura za makocha ambao wamewaona wakicheza. Sijui ligi ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki ambayo mchezaji wake angedharauliwa kwa kuingia humo.

Sasa jambo ninaloomba baba alisome kwa utulivu, kwa kuwa ndilo linalojibu lile neno lake la kuchagua. Habari ile imepangwa sehemu mbili, ya michezo juu na ya masomo chini, na kwa macho inaonekana kama mtu mwenye kazi mbili zinazogombania siku moja. Kwa sheria za huko, moja inaishikilia nyingine. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo tangu 1906, kinamtaka mchezaji wa Divisheni ya Kwanza awe mwanafunzi wa muda wote, kwa kawaida kredit (vipimo vya uzito wa masomo) zisizopungua 12 kwa muhula. Kila muhula lazima afaulu angalau kredit sita, la sivyo muhula unaofuata anakaa nje. Mwaka wa pili ukiisha lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake, wa tatu asilimia 60, wa nne asilimia 80. Huwezi kukaa miaka mitatu unapiga mpira huku unarudia somo la mwaka wa kwanza. Kocha akikupenda vipi, ofisi ya chuo ikisema alama hazitoshi, unakaa benchi umevaa nguo za nyumbani.

Na muda nao una mpaka. Katika msimu, shughuli za timu zisizidi saa 20 kwa wiki na saa nne kwa siku, na lazima iwepo siku moja ya kupumzika kila wiki. Kwenye karatasi inaonekana nyepesi. Lakini siku ya mechi huhesabiwa saa tatu hata kama mmecheza tano, na safari haihesabiwi kabisa. Tuseme binti yako anapanda basi la Dar hapa Tanga Alhamisi mchana, zile kilomita karibu 350, anacheza Ijumaa, anacheza tena Jumapili, anarudi Tanga usiku wa manane, na Jumatatu saa mbili asubuhi ana jaribio la kemia. Wiki inayofuata hivyohivyo, na inayofuata tena, mpaka Aprili. Ndivyo msimu ulivyo, ila mabasi yao ni mazuri kidogo na wakati mwingine ni ndege. A zile tisa zimepatikana humo. Kwa sababu hiyo mstari ninaouthamini kuliko yote katika habari ile, kuliko hata 21 kwa 9, ni ule wa mara tano.

Wala jambo hili si geni. Arthur Ashe aliichezea UCLA, akawa bingwa wa vyuo mwaka 1965, akachukua shahada yake ya biashara 1966, ndipo akashinda US Open 1968 na Wimbledon 1975. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alitokea Chuo Kikuu cha Illinois akafika fainali ya US Open 2017 na ya Wimbledon 2018. Danielle Collins alikuwa bingwa wa vyuo mara mbili, 2014 na 2016, akiwa Chuo Kikuu cha Virginia, kabla ya kufika fainali ya Australia 2022.

Lakini jina ambalo binti yako huenda analijua zaidi ni la jirani yetu, Angella Okutoyi wa Kenya. Huyu alilelewa na bibi yake Nairobi. Mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana, wawili wawili, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kupata taji la namna hiyo. Angeweza kuingia moja kwa moja kwenye tenisi ya kulipwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, na akiwa mwanafunzi bado alirudi kuichezea Kenya na kuchukua dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra Machi 2024. Namtaja kwa sababu mbili. Kwanza, baba aone kwamba mtoto wa Afrika Mashariki, anayezungumza Kiswahili kama sisi, amekwishaupita mlango huo. Pili, na hili nalisema kwa binti, Okutoyi alifika pale akiwa miongoni mwa vijana bora wa bara zima. Asijipime naye, akakata tamaa. Kati ya Auburn na kiwanja cha Raskazone kuna ngazi nyingi, na vyuo viko kwenye kila ngazi.

Kwa hiyo, achague? Hapana. Kumwambia mtoto wa kidato cha tatu achague sasa ni kumvunjia kimoja bila uhakika kwamba kile kingine kitanufaika. Tuhesabu muda wake wa kweli. Shule inatoka alasiri. Tuseme anaingia kiwanjani saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili, siku nne kwa wiki, na Jumamosi asubuhi kwa muda wa saa mbili na nusu. Jumla ni saa nane na nusu. Muda huo hauwezi kumfelisha mtoto. Kinachofelisha ni yale yanayouzunguka: kukaa klabuni kusubiri kiwanja kiwe wazi, kurudi nyumbani kwa kuzurura, simu baada ya chakula. Na joto letu. Kuanzia Desemba mpaka Machi mtoto akicheza saa tisa mchana hapa Tanga, jioni hana akili ya kusoma hata ukurasa mmoja, na hapo ndipo wazazi wanasema tenisi imemharibu. Asicheze jua likiwa kali, anywe maji ya kutosha, na masomo magumu, hisabati hasa, ayasogeze alfajiri baada ya swala, kichwa kikiwa bado chepesi. Wakati wa Ramadhani mazoezi yapunguzwe, yawe mepesi karibu na futari. Mitihani ya muhula ikikaribia, wiki mbili kabla, aende kiwanjani mara mbili tu.

Tena mwende shuleni mkamweleze mkuu wa shule. Shule nyingi zinawajua watoto wao wa mpira wa miguu, netiboli na riadha kwa sababu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, lakini tenisi inachezewa nje ya shule na mwalimu wa darasa haoni chochote zaidi ya mtoto anayewahi kuondoka. Akijua, atakuwa upande wenu siku mtakapohitaji barua au nakala ya matokeo. Mtazihitaji.

Kuhusu njia yenyewe. Ili mtoto aruhusiwe kuichezea timu ya Divisheni ya Kwanza, NCAA inataka awe amesoma masomo ya msingi 16 katika sekondari, Kiingereza, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii na mengine ya namna hiyo, na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Divisheni ya Pili ni 2.2. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuingia kiwanjani tu. Chuo chenyewe kitataka zaidi, na msaada wa fedha za masomo utataka zaidi ya hapo. Matokeo yake ya NECTA ndiyo yatakayosomwa, na mtu wa huko hajui kwamba B ya Tanzania inaanzia alama 65 na A inaanzia 75 kwa kidato cha nne. Atakachoona ni herufi. Kwa mtoto wa Tanga asiye na mashindano mengi, herufi hizo ni nguvu kubwa kuliko vikombe. Kocha wa chuo anayechagua kati ya wasichana wawili wenye uwezo unaokaribiana atamchukua yule ambaye ofisi ya udahili haitamsumbua.

Sheria zao pia zina saa inayohesabu tangu mtoto amalize sekondari, na kwenye tenisi saa hiyo imekuwa kali kuliko michezo mingi: anayekaa mwaka mzima nyumbani akicheza mashindano anaweza kujikuta amepoteza msimu. Sisi tuna vyeti viwili, cha kidato cha nne na cha sita. Kabla binti hajafanya mtihani wa kidato cha nne, ulizeni kwa maandishi kwenye kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa za wachezaji saa yake itaanzia kwenye cheti kipi. Msiambiwe na mtu wa mitaani.

Uwezo wa kiwanjani unapimwa siku hizi kwa namba. Ile inayotazamwa zaidi na makocha wa vyuo ni UTR, inayoanzia 1 kwa anayejifunza na kuishia 16.5 kwa wakali wa dunia. Namba hiyo inatokana na mechi halisi zilizoandikwa, wala haijali una umri gani au unatoka wapi. Hapa ndipo ugumu wa Tanga ulipo. Anayecheza na watu walewale watano wa klabu kila wiki hana namba ya kuaminika, hata kama anawafunga wote. Inabidi atoke. Wengi wanafikiria Dar na Arusha, na ni sawa, lakini mkumbuke kwamba kutoka hapa Mombasa ni karibu kuliko Dar. Unavuka Horohoro asubuhi, mchana uko kwenye viwanja vyao, na Kenya ina vijana wengi wanaocheza kwa ushindani. Hati ya kusafiria, barua ya ruhusa ya mzazi, ndugu wa kufikia, na mashindano mawili au matatu kwa mwaka wakati wa likizo. Kwa uzoefu wangu, hakuna kinachompandisha mtoto wa Tanga haraka kama kufungwa na mgeni asiyemjua.

Video nayo ni lazima, na wengi wanaikosea. Simu iwekwe juu, nyuma ya mwisho wa kiwanja, ionyeshe kiwanja chote. Dakika chache za kuanzisha mpira, mkono wa mbele, mkono wa nyuma na kucheza karibu na wavu, kisha gemu kadhaa za mechi ya kweli bila kukatwakatwa. Pointi alizopoteza zibaki. Kocha anatazama miguu yake na namna anavyosimama baada ya kukosea. Asiweke muziki.

Fedha. Msikubali neno ufadhili wa asilimia mia kama jambo la kawaida. Kwa miaka mingi timu ya wasichana ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili wa watu wanane, na ya wavulana ilikuwa na fungu la nne na nusu la kugawana. Kuanzia msimu wa 2025–26 vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vina kikomo cha wachezaji kumi, na vinaweza kumfadhili yeyote kati yao, lakini havilazimiki. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, na vyuo vya Ivy League vilevile. Hivyo hutazama alama na hali ya familia, na baadhi yake vina uwezo mkubwa wa kusaidia mwanafunzi mwenye matokeo ya juu. Kuna pia vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili vya NJCAA, ambako mtoto huanza, kisha akahamia kwingine. Mimi ningemwelekeza binti yako kwenye vyuo vidogo vyenye masomo mazuri kabla ya kuota majina makubwa. Baadhi ya vyuo, tena, vimefuta timu za tenisi miaka ya karibuni kwa sababu ya bajeti. Aliyekwenda kwa sababu ya tenisi peke yake hubaki njia panda siku hiyo. Aliyekwenda kwenye chuo ambacho angekipenda hata bila raketi anaendelea na masomo yake.

Atatokea mtu akiwaahidi kumtafutia chuo kwa malipo ya mbele. Msimpe hata senti. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam una huduma ya ushauri iitwayo EducationUSA, haina malipo, na wanaeleza udahili, mitihani ya Kiingereza na viza kwa ufasaha. Barua kwa makocha aandike binti mwenyewe, kwa Kiingereza chake, aya mbili tu: yeye ni nani, anasoma nini, alama zake, namba yake ya UTR, video iko wapi. Makocha wanajua barua iliyoandikwa na mzazi.

Na baba? Ningemwomba jambo moja. Kwa wiki mbili zijazo achukue daftari, aandike kila siku saa alizokaa binti kiwanjani, saa alizosoma, na saa alizokuwa kwenye simu. Asimgombeze, aandike tu. Wiki mbili zikiisha mkae tena wote watatu, mkiwa na daftari hilo na ripoti ya muhula uliopita, muamue siku za mazoezi na alama ambayo ikishuka, mazoezi yanapunguzwa mpaka ipande. Binti akubali masharti hayo kabla msimu haujaanza, ayaandike kwa mkono wake, kwa sababu huko anakotaka kwenda atasaini ya namna hiyohiyo kila mwaka. Mkishafanya hivyo niandikieni mniambie alama zake za hisabati na Kiingereza, nami nitawatajia vyuo vya kuanzia kuandikia.